Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Kasulo, Kolwezi
Tarehe 4 Machi 2024

Yaya Laurentine, dada yangu mpendwa,

Moyo, salamu zetu sote! Watoto wazima, mimi mzima, na dawa zetu za virusi vya Ukimwi tunameza kila jioni, mimi na mume wangu Guelord, bila kukosa. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya kila mtu. Ule ujumbe wako wa sauti ulioniuliza habari za kuhara kwangu, Guelord aliufungulia uwanjani hapa nyumbani kwa sauti kubwa mbele ya wachimbaji wenzake. Mpaka leo Sadrack, mkubwa wa timu yao, akikutana nami njiani anauliza tumbo linaendeleaje. Kwa hiyo barua hii naiweka mkononi mwa Mama Odile, anakuja huko Dilolo kununua samaki. Ameniapia hataifungua.

Yaya, nimeingia matatani, na mlango nimejifungulia mwenyewe.

Unakumbuka nilivyomzaa Naomie. Wewe ndiye uliyebadilisha mashuka, wewe ndiye uliyeiona ile damu. Daktari alituambia nipumzike miaka kadhaa kabla ya mimba nyingine, la sivyo huenda nisiamke tena. Guelord alisikiliza, akatikisa kichwa vizuri sana, na baada ya mwezi mmoja akaanza kutafuta jina la mtoto wa tatu. Nilipomkumbusha akasema Mungu yupo. Na neno lake unalijua: mwanamke anayefunga uzazi bila kumwambia mumewe, dawa yake ni kumrudisha kwa baba yake. Alilisema juu ya mke wa mtu mwingine, lakini macho yalikuwa kwangu.

Basi mwezi wa kwanza, yeye akiwa Tenke kuchimba, nilienda kwenye kituo cha afya kwa muuguzi wetu Mama Mignonne. Akanieleza yote: vidonge vya kila siku, sindano ya miezi mitatu, kitanzi, kijiti, kondomu. Kabla sijachagua akauliza ninameza kidonge gani cha virusi, maana kile cha zamani kilikuwa kinakula nguvu ya kijiti, lakini hiki kipya hakigombani nacho. Nikachagua kijiti. Kinakaa miaka mitatu. Alikitia chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, upande wa ndani, akanipa na kondomu kwa ajili ya magonjwa mengine. Hizo Guelord anazivumilia anavyomvumilia mchungaji, yaani Jumapili tu.

Wiki iliyopita akanishika mkono akakigusa.

«Fifi, hii ni kintu gani?»

«Kintu gani?»

«Hii. Iko inatembea chini ya ngozi. Iko tangu wakati gani?»

«Mwezi wa kwanza,» nikasema, moyo umeshuka mpaka kwenye ndala.

Yaya, akakaa kitako, macho yakang'aa. «Mwezi wa kwanza! Njo maana! Njo wakati shimo yetu ilipata mushipa wa kobalti! Yaya yako alikuletea dawa ya Angola ile Noeli. Fifi, usiambie mutu!»

Unawajua wachimbaji. Nusu yao wametia dawa za bahati chini ya ngozi, Sadrack ana chale mpaka kwenye paji la uso. Kwa Guelord, kitu kigumu ndani ya mkono ni dawa ya mali tu, hakuna kingine. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza si kusema uongo, au sivyo? Lakini nikikana ataniuliza: sasa ni nini? Niambie nifanyeje.

Mdogo wako,
Fifi


Kolwezi
Tarehe 5 Machi 2024

Kwako Shemeji Laurentine, mama mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima zote, kwa sababu neno kama hili halipiti kwenye simu. Simu ina masikio. Nimempa Mama Odile barua hii kwa siri, Fifi hajui.

Shemeji, asante. Sina neno lingine. Ulipokuja Noeli nilikuona na Biblia yako na kwaya yako, nikafikiri: huyu mama ni wa kuimba tu. Kumbe! Kijiti ulichomtilia mdogo wako kinafanya kazi kuliko mashine. Tulikuwa tunatoa mawe ya bure, sasa tunatoa kobalti nyeusi, nzito, mpaka wanunuzi wanatungoja mlangoni. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa timu. Asubuhi, kabla ya kushuka shimoni, wanapita kusalimia mkono. Hawaugusi, wanausalimia tu, na kofia wanavua.

Ninakutumia kitenge kwa mkono wa Mama Odile, rangi ya kijani. Tena nina ombi. Mkono wa kushoto umetupa kobalti. Je, wa kulia hauwezi kutupa shaba? Ukipata nafasi ya kuvuka kwenda Angola, ulizia. Na kama wana cha mwanamume, mimi niko tayari, hata kiwe kikubwa.

Shemeji yako mwenye shukrani,
Guelord


Dilolo
Tarehe 14 Machi 2024

Fifi,

Mama Odile alifika hapa na barua mbili, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, kila moja akisema ni siri. Kisha akaketi kwenye kiti changu akangoja nizisome. Nilisoma yako nikalia. Nilisoma ya mume wako nikatafuta fimbo.

Mimi! Mimi mwenyekiti wa kwaya ya kina mama! Mtu ameniandikia niende Angola kumletea fetishi, hirizi ya mkono wa kulia, tena na yake kubwa! Mama Odile alicheka mpaka akaomba maji. Kesho soko zima la samaki litajua kwamba Laurentine Tshibangu ni nganga. Kitenge nimekipokea, maana kitenge hakina kosa.

Nimemwandikia Guelord karatasi fupi kwamba mimi sina dawa, ninaimba sauti ya kwanza, basi.

Sasa wewe. Kunyamaza ni uongo uliovaa nguo nzuri. Njia ya mwongo ni fupi, na yako, mdogo wangu, imefika ukutani. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mwambie mumeo ukweli. Tena mimi nina hofu nyingine. Hapa kina mama wanasema mwenye virusi akitiwa kitu cha uzazi, dawa mbili zinapigana ndani ya damu. Wengine wanasema kizazi kinajifunga moja kwa moja. Wengine wanasema watu wenye virusi hawana la kuchagua, ni kondomu tu na kushukuru. Je, muuguzi wako ana hakika, au ulinyoosha mkono tu?

Ninakukaripia kwa sababu ninaogopa. Ile damu ya siku ya Naomie bado naiota.

Yaya yako,
Laurentine


Kasulo
Tarehe 2 Aprili 2024

Yaya,

Asante kwa makaripio, yamefika yote, hakuna lililoanguka njiani. Mficha uchi hazai? Mimi kwa sasa kuzaa ndiko ninakokwepa, basi methali hiyo inanifaa kabisa.

Habari za kina mama wa kwaya nilizipeleka kwa Mama Mignonne. Hakucheka, alipumua tu, nadhani amezisikia mara nyingi. Anasema mwenye virusi anachagua kama mwanamke mwingine yeyote, kazi ya muuguzi ni kutazama kidonge chake kisigombane na njia aliyochagua. Sindano pia haigombani. Na kizazi hakijifungi: kijiti kikitolewa leo, mimba inaweza kuja upesi. Waambie, sauti ya kwanza na ya pili.

Karatasi yako kwa Guelord ilimfurahisha mno. Alimsomea Sadrack, na Sadrack akasema: «Nganga wa kweli hakubalake. Ule mwenye kukubali njo mwongo.» Kwa hiyo sasa heshima yako imepanda zaidi.

Lakini ngoja nikusimulie ya depo, nyumba ya kununulia madini. Kuna mnunuzi, Polycarpe, mwenye mashine ya kupima madini, ile inayoshikwa kama bastola, unaielekeza kwenye jiwe inakuambia lina kobalti kiasi gani. Naye alisikia habari ya mkono. Akawaambia wachimbaji: «Leteni ule mukono tupime. Mashine haidanganyake.» Nilikataa. Guelord akanibembeleza, Sadrack akanibembeleza, mpaka Merdi wangu, na miaka yake sita, akasema Mama nenda, mimi nitakushika ule mwingine. Nikaenda kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Depo yote ilisogea karibu. Polycarpe akaelekeza mashine kwenye mkono wangu, nami nikafumba macho nikisema: sasa mashine itaandika UZAZI WA MPANGO kwa herufi kubwa. Mashine ikalia. Polycarpe akasoma: kobalti hakuna, shaba hakuna. Sifuri kwa sifuri.

Nikapumua. Nikasema moyoni: nimeokoka, sasa watajua si dawa ya madini, na wala hawatajua ni nini. Yaya, depo ililipuka! Sadrack akapanda juu ya gunia: «Munaona? Munaona sasa? Kila siku tunasema hii mashine inaiba! Mutu yote anajua huu mukono uko na kobalti, na yenyewe inasema zéro!» Wachimbaji wa timu nyingine wote wakaunga mkono, kila mmoja ana jiwe lake zuri ambalo mashine ile ilililaani. Mchana ule Polycarpe alifunga mlango mapema. Mkono wangu sasa ni shahidi wa wachimbaji wote wa Kasulo.

Nilicheka mpaka nyumbani. Ila siku hizi sicheki sana. Kwenye bomba la maji wanawake wananipisha nichote kwanza, wala si kwa upendo. Watoto wao wanakimbia nikipita. Jana mmoja alisema mulozi, yaani mchawi, mama yake akamziba mdomo, akaniomba msamaha mara nyingi mno. Mtu hukuomba msamaha hivyo akikuogopa. Naomie hana wa kucheza naye.

Guelord bado sijamwambia. Kila jioni tukimeza vidonge nasema: akimaliza maji nitasema. Anamaliza maji, analala.

Mdogo wako,
Fifi


Kolwezi
Tarehe 17 Aprili 2024

Shemeji Laurentine,

Heshima zako ziko palepale, lakini ninakuandikia kwa huzuni. Mshipa umekatika. Mvua imejaza shimo maji, na hata tulipoyavuta, jiwe lililobaki ni udongo tu. Timu ina njaa na maneno yamekuwa mengi.

Sadrack anasema dawa ikikaa sana ndani ya mtu mmoja inalala. Inabidi itolewe izikwe chini ya shimo jipya, iamke. Jumamosi ya tarehe 27 atakuja nyumbani na wembe. Usiogope, ni wembe mpya, na ni kipande kidogo tu cha ngozi. Sadrack amekatwa mara nyingi na bado anakula vizuri.

Lakini dawa ni yako, na mimi si mwizi. Ninaomba ruhusa yako. Kama kuna maneno ya kusema wakati wa kukata, yaandike wazi, mwandiko wako wa mara iliyopita ulikuwa wa hasira, ilibidi nimsomee Sadrack.

Fifi sijamwambia bado. Atapiga kelele bure.

Shemeji yako,
Guelord


Dilolo
Tarehe 24 Aprili 2024

Fifi,

Ninaandika nimesimama, dereva wa lori ananipigia honi. Guelord ameniomba ruhusa. Jumamosi Sadrack anakuja na wembe kukitoa kijiti akakizike shimoni. Ndivyo alivyoandika, siongezi neno.

Sema ukweli kabla ya Jumamosi, au panda gari uje na watoto. Chumba cha nyuma nimeshakifagia. Akikufukuza, njoo. Akikukata, nitakuja mimi, na kwaya yote nyuma yangu, na hatutaimba.

Yale niliyosema juu ya uongo nimeyafuta. Uliokoa maisha yako. Mimi nilikaripia tu, nawe ndiye unayelala na hofu.

Laurentine


Kasulo
Tarehe 3 Mei 2024

Yaya Laurentine,

Barua yako ilifika Jumamosi yenyewe. Nilikuwa naisoma jikoni, na huku nje nasikia timu inaingia uwanjani.

Sadrack alikuja amenyoa ndevu. Wembe wake ulikuwa bado kwenye karatasi, alileta na chupa ya spiriti, amepanga yote juu ya stuli kwa usafi ambao sijauona kwake tangu nimjue. Guelord akaniita. Nikatoka na Naomie mgongoni. Walivua kofia wote.

Sikupanga maneno. Nilisema: «Sadrack, rudisha wembe yako. Hii haiko dawa ya mali. Ni ya kuzuia mimba. Mama Mignonne njo aliniwekea, mi njo nilimuomba. Nilitaka nisikufe.»

Habari ya virusi sikuisema, hiyo si ya uwanjani, ni yangu na ya Guelord.

Sadrack akauliza taratibu, kama mtoto: «Sasa ile kobalti ilitokea wapi?»

«Mu shimo, Sadrack. Mulichimba.»

Yaya, jibu hilo halikumpendeza hata mmoja. Walitazamana kama watu walioibiwa. Mmoja akauliza: na yule yaya wa Dilolo? Nikasema anaimba kwaya. Wakakusikitikia sana.

Guelord aliwaambia waende, akanawa uso, akatoka. Jioni nikaona kopo lake la vidonge halipo. Nikaelewa mambo mawili: hataki kufa, na hana haraka ya kurudi. Baadaye nikasikia yuko Tenke. Nikakusanya nguo za watoto kwenye mfuko. Nilikuwa nakunja nguo huku nalia, na Merdi akiniuliza kama Dilolo kuna watoto.

Jumatatu mke wa Sadrack, Mama Hénock, alikuja kuomba chumvi. Chumvi anayo, anaiuza. Alizungukazunguka, akasifu sufuria zangu, kisha akauliza kama Mama Mignonne anafanya kazi siku zote, na kama kijiti kinauma. Kesho yake wakaja wengine wawili kuomba chumvi.

Guelord alirudi jana mchana. Aliuona mfuko mlangoni. Akaukalia palepale, juu ya nguo za watoto, na matope yake yote.

«Ulifikiri nitakufukuza?»

«Ulisema.»

«Nilisema,» akajibu. Kisha akasema, na sauti haikuwa ya hasira, Yaya, ningependa ingekuwa ya hasira: «Ku bomba banakukimbia. Batoto banakuita mulozi, na weye unanyamaza. Miezi yote ile. Ulipenda bakuite mulozi kuliko kuniambia mi, bwana yako?»

Nikamwambia ukweli ulivyo.

«Mulozi ulimubakisha mu nyumba, Guelord. Ulimuvulia kofia. Mwenye kufunga uzazi ulisema utamurudisha kwa baba yake.»

Alianza kucheka. Unajua kicheko chake, kinaanzia tumboni. Lakini hakikufika juu. Alijifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaendelea kutikisika, na haikuwa tena kicheko. Naomie akamwendea akamshika goti. Mimi nilisimama tu. Kwa mara ya kwanza tangu nimzae huyu mtoto sikumwogopa baba yake, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Akapangusa uso, akauliza: «Inakaa miaka ngapi?»

«Tatu.»

«Na kisha?»

«Kisha tutaongea.»

«Basi,» akasema, «ikae.»

Akainuka, akafungua mfuko, akaanza kurudisha nguo mwenyewe, akichanganya za Merdi na za Naomie, zote zimeshaingia matope. Nikamwacha aendelee.

Fifi